Ngazi ya Mbele

Mtu akikuwekea sharti, usilikubali kabla hujamuuliza maana ya kila neno lililomo. Hilo nilifundishwa na mama nyuma ya rundo la mitumba katika soko la Kakamega, na ndilo lililonifanya, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, nikae kwenye meza ya jikoni ya watu huko Adelphi, Maryland, nikibishana na wakili juu ya maana ya kuanguka.

Wakili mwenyewe alikuwa mtoto wa Kukhu, na Kukhu ndiye niliyekuwa nikimtunza. Kwetu kukhu ni nyanya. Nilianza kumwita hivyo wiki ya kwanza ya kazi. Akaniuliza hilo ni tusi la aina gani, nikamweleza, akasema basi na yeye ataniita Sajini. Alikuwa mjane aliyepita themanini, mwembamba kama ufito. Ujana wake wote aliumalizia Beltsville kwenye mashamba ya utafiti ya serikali, akipima uzito wa bata mzinga, na mdomo wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kugombana na ndege wakubwa. Ndani ya nyumba alitembea akishikilia kile kiunzi cha chuma cha wazee. Nje alikwenda kwa kiti cha magurudumu, msukumaji nikiwa mimi.

Mwanawe aliishi ng'ambo ya mto, Virginia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ya wakili huwa haikai moyoni, hushukia kwenye karatasi. Alikuwa ameshapata kitanda katika nyumba ya wazee kule Lanham, na fomu zote zilikuwa zimejazwa, zimebaki sahihi.

"Pazuri, mama," alisema. "Wana hata bustani."

"Makaburi pia yana bustani," Kukhu akajibu, akaendelea kukoroga chai yake.

Kukhu hakutaka Lanham. Alitaka kubaki kwenye nyumba yake ya matofali, na kabla ya yote alitaka kwenda Palermo, Italia. Mama yake alizaliwa huko, kwenye kichochoro nyuma ya kasri la ukoo wa mabwana wakubwa. Alipokuwa msichana alikuwa dobi wa kasri hilo. Aliingia kwa mlango wa nyuma na kapu kichwani, akafulia kwenye birika la mawe uani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ngazi ya mbele aliiona siku moja tu, mlango ulipoachwa wazi: marumaru nyeupe, imepinda kama shingo ya bata mzinga. Alimsimulia bintiye ngazi ile mpaka akafia Baltimore. Sasa kasri limekuwa hoteli, kila mwenye kulipa analala, na Kukhu alikuwa ameweka akiba ya kulala siku tatu katika chumba cha juu chenye roshani ya mbele.

"Ataanguka," wakili aliniambia mimi, kana kwamba mama yake ni sahani.

"Kuanguka ni nini?" nikauliza.

"Unajua kuanguka ni nini."

"Sijui. Akiteleza nikamdaka, ameanguka? Akikaa kitandani kwa kishindo, ameanguka? Makalio yakiguswa na sakafu, au sakafu ikiguswa na makalio?"

Kukhu akacheka mpaka chai ikamwagika. Wakili akasugua macho. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka ndiye wa kufanya naye biashara.

"Sikilizeni," alisema mwishowe. "Siku mtakayorudi nitasimama uwanja wa ndege wa Dulles, pale mlangoni wanapotokea abiria. Mama akitoka mlango ule kwa miguu yake, nachana karatasi, anabaki hapa. Akitoka amekaa, Jumatatu yake ni Lanham. Hakuna kubishana tena."

Alidhani ametupa sharti lisilowezekana. Ilikuwa zaidi ya mwaka hajamwona mama yake akitembea nje ya kizingiti.

"Kwa miguu yake," nikasema. "Akiwa ameshikilia kitu, au mikono mitupu?"

"Ashikilie anachotaka."

"Chochote?"

"Chochote."

"Chochote kabisa?"

"Sajini," Kukhu akasema, "mwache apumue." Lakini nilimngoja mpaka akarudia jibu. Kisha tukapeana mikono, sote watatu.

Nyumbani kwangu hawakuelewa. Niliishi kwenye ghorofa karibu na University Boulevard pamoja na dada mmoja wa Bukavu, mhudumu wa wazee kama mimi. Kwetu sisi sote pale, Mkenya, Mkongo na Mrundi, ndege ilikuwa ni ya kwenda kuzika au kuozesha mtu. Kupanda ndege kwenda kulala tu, tena kitandani kwa watu, lilikuwa jambo la kuombewa.

"Weye, unaenda kulala mu palais?" dada aliniuliza, mikono kiunoni. "Na mufalme atalala wapi?"

"Hakuna mfalme. Ni hoteli siku hizi. Tena naenda kazini."

"Bon. Basi utuletee sabuni ya mufalme. Zile kadogo kadogo za hoteli. Mimi, na mama wa chini, na wale wa kanisa." Akanifuata mpaka chumbani nikipakia sanduku. "Na usimubebe ule mama, unasikia? Mugongo hawauzishake ku magazini."

Nikamwambia najua mgongo hauuzwi dukani, na sina mpango wa kubeba mtu. Nikaweka leso sandukuni hata hivyo. Mwanamke wa kwetu hasafiri bila leso; hajui itakuwa taulo, shuka, pazia au sanda, lakini itakuwa kitu.

Tulifika Palermo asubuhi, viatu vyetu vikiwa vimevuliwa na kuvaliwa katika kila kiwanja, maana ndiyo miaka walipoanza kuogopa viatu. Teksi ilipita kwenye mitaa iliyoandikwa majina kwa hati tatu, Kitaliano, Kiebrania na Kiarabu, kibao kimoja. Mtamil alikuwa akifungua duka lake la viungo, mama mmoja wa Ghana akiuza nywele, na kengele za kanisa zilikuwa zikilia juu ya kuba nyekundu ambayo ningeapa ni ya msikiti. Kukhu alikuwa kimya. Kwa mtu yule, kimya kilikuwa dalili ya ugonjwa, nikamshika mapigo ya mkono. Nikayahesabu, nikayahesabu tena. Mazima.

Kasri lilikuwa na mlango wa kupitisha ndovu. Ndani, kwenye dari, malaika walio uchi walikuwa wakiviringika mawinguni, na mbele yetu kabisa ikapanda ngazi. Mama yake Kukhu hakuongeza chumvi. Ilikuwa nyeupe, pana chini, nyembamba katikati, imejipinda huku ikijua kwamba inatazamwa.

Meneja alikuwa bwana mwenye suti ya kijivu na Kiingereza kisafi. Alimtazama Kukhu, akakitazama kiti cha magurudumu, akatabasamu lile tabasamu la mwenye duka anayekuja kukwambia saizi yako imekwisha.

"Tumewabadilishia chumba, kwa raha zenu," akasema. "Lifti yetu ya zamani imeharibika, tunangoja kipuri. Jengo la nyuma halina ngazi hata moja. Bibi atafurahi."

Akatupeleka kulitazama. Tulipita uani. Chumba kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo, na hata nilianza kukipigia hesabu: mito mingapi, taulo ngapi. Lakini nje ya dirisha kulikuwa na birika refu la mawe, limepandwa maua mekundu, na kibao cha shaba kikieleza kwa fahari kwamba hapa ndipo palipokuwa pa kufulia na jiko la kasri.

Kukhu akalitazama birika. Akanyoosha mkono, akaligusa ukingo, pale mawe yalipolika kwa kusuguliwa.

"Mama yangu aliishia hapa," alisema. "Mimi sikuvuka bahari kuja kuishia hapa. Sajini, nirudishe mbele."

Nikamrudisha mbele. Meneja akatufuata akipunguza bei. Alianza na kifungua kinywa cha bure, akaongeza chupa ya mvinyo, akaongeza maua. Nilimwacha aongeze, si kwa kuwa nilitaka, ila ni dhambi kumkatiza mtu anayepunguza bei. Alipofika mwisho nikamwambia: "Tulilipia chumba cha juu. Tunataka chumba cha juu."

"Haiwezekani, bibie."

Sasa, biashara ya kwetu ina silaha mbili. Ya kwanza ni kuondoka. Mteja akiondoka, muuzaji humwita. Hatukuwa na pa kuondokea. Ya pili ni kukaa. Nikamwegesha Kukhu chini ya wale malaika, nikafunga breki, nikavuta kiti cha mabwana wakubwa nikakaa kando yake, nikafungua mkoba. Nilikuwa na chapati kwenye karatasi ya fedha na chupa ya chai. Harufu ya chapati ya Adelphi ikapanda ile ngazi kabla yetu. Tukala. Wageni walipita, wakapunguza mwendo. Mmoja akaniuliza chapati zinauzwa wapi.

Hiyo ndiyo iliyommaliza meneja. Akaja akiinama. "Chumba ni chenu. Lakini nani atampandisha? Wafanyakazi wangu hawaruhusiwi kumbeba mgeni. Akidondoka, ni kesi."

Kusema haki, hata mimi sikuruhusiwa. Tulikuwa tumefundishwa kazini kwamba mhudumu hanyanyui mteja peke yake, na ni sheria nzuri. Ila aliyeitunga hakuwa na ngazi ile mbele yake, wala Kukhu pembeni akisema, "Niachie nipande kwa magoti, basi." Nikafungua sanduku, nikatoa leso.

"Leso hiyo!" sauti ikasema nyuma yangu, kwa Kiswahili.

Nilidhani ni uchovu unaongea. Alikuwa mchukuzi wa mizigo wa hoteli, mzee mwenye ndevu nyeupe na koti la vifungo vya dhahabu. Kwao ni Barawa, Somalia; vita vilimtoa, akakaa kambini Mombasa miaka kadhaa, kisha ndipo akaja kwa Wataliano, ambao lugha yao aliijua tangu shule.

"Dada, watoka Mombasa?"

"Bara. Kakamega."

"Bara!" Akacheka. "Na leso nyinyi mwaijulia wapi?"

"Tulinunua kwenu. Mkatupunja."

"Aka! Hiyo hukupunjwa, wewe ndiye uliyepunja, uso wako wasema." Akatazama huku na huko, akashusha sauti. "Miye siruhusiwi kumbeba. Lakini hakuna alonikataza kupanda ngazi nyuma yako. Mfunge juu, chini ya makwapa. Akija nyuma, namdaka."

Basi nikainama, Kukhu akanilalia mgongoni, nikamfunga kwa mbeleko kama mtoto wa miezi sita. Hakuwa mzito kuliko gunia la mitumba, na gunia halikukumbatii shingo. Tukapanda. Mimi nilihesabu ngazi kwa sauti ndogo, na kila nilipopumzika Kukhu aliniambia sikioni, "Nusu bado, Sajini," ijapokuwa tulikuwa tumepita nusu. Kwenye kona akaomba nisimame. Akageuza uso, akatazama chini: mlango mkubwa, taa, watu waliotukodolea macho, meneja na leso yake ndogo ya mfukoni akijifuta jasho.

"Kumbe ndivyo wanavyoonekana kutoka huku," alisema.

Mle chumbani ningeweza kuwapangia familia tatu za Adelphi na bado mtu akakodisha sebule. Nilihesabu mito minane, nikahesabu tena, ikawa tisa. Mmoja ulikuwa chini ya kochi. Roshani ilitazama uwanja, na mbele ya uwanja, katikati ya paa mbili, kipande cha bahari. Kukhu hakuitazama bahari sana. Alitazama ukingo wa chuma wa roshani, akaupigapiga kwa kidole.

"Unajua mama hakuruhusiwa kuanika kitu upande huu? Bwana mkubwa hakutaka kuona nguo zake zinavyopata kuwa safi."

Kesho yake asubuhi akaniambia nimfulie gauni lake la ndani. Nikalifulia kwenye beseni la marumaru. Nilipotaka kulitundika bafuni akasema hapana, akaelekeza kidole. Nikamtazama. Akanitazama. Nikachukua na soksi zangu, ili asiwe peke yake, tukaanika kwenye roshani ya mbele ya kasri, juu ya mlango mkubwa kabisa.

Simu ililia kabla maji hayajaacha kudondoka. Nilimsikia meneja akivuta pumzi. "Bibie, kuna nguo kwenye roshani yenu. Wageni wanauliza."

Nikamfikishia Kukhu. "Mwambie ni bendera," alisema.

Nikamwambia ni bendera. "Ya nchi gani?" akauliza, na ikanilazimu nikate simu, maana nilisikia kwamba na yeye anacheka na sikutaka kumpenda mapema hivyo.

Siku zile tatu nilimshusha na kumpandisha kila alipotaka, Mzee wa Barawa akitufuata na kile kiti cha magurudumu kama mzigo wa kusingizia. Tulikwenda sokoni, ambako kila muuzaji anapiga kelele kama anayeibiwa. Nikaona bakora ya mti wa mzeituni kwa Mbangladeshi mmoja. Sisi hatukuwa na lugha hata moja kati yetu, tukapatana kwa vidole na dharau. Aliishika, nikaondoka, akaniita, nikarudi, nikaondoka tena. Nilipoipata nikampa Kukhu, akaisukuma.

"Bakora ni ya wazee."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mgonjwa. Ni tofauti."

Lakini usiku niliona jambo. Chumba kilikuwa kikubwa mno, kiunzi chake tulikiacha Maryland kwa ubishi wake, na kila alipotaka kutoka kitandani kwenda roshani alikisukuma kile kiti cha magurudumu mbele yake, akikiegemea, akitembea. Kutoka kitandani hadi ukingo wa roshani ni mbali kuliko jikoni hadi chooni kwake. Kwao Adelphi hakuwa na pa kwenda, ndiyo maana hakwenda. Sikusema kitu. Ukimsifu mtu wa aina ile anakaa chini makusudi.

Asubuhi ya kuondoka nikafanya kosa la kikwetu kabisa. Sanduku langu lilikuwa limejaa. Sabuni za mfalme: kila siku nilimwomba mama msafishaji, kila siku akaniongezea, nami nilikuwa nazo za dada wa Bukavu, za mama wa chini, za kanisa lote na mbili za akiba. Nilikuwa na ndala za kitambaa, kofia za kuogea, vichupa vya jamu. Huwezi kurudi mikono mitupu. Watu hawatakuuliza uliona nini, watakuuliza umeleta nini. Mzee wa Barawa akaja kuchukua mizigo, nami nikamkatalia. Kwetu mizigo yako humpi mtu. Ukimpa mtu mzigo, ama unamlipa ama unamkimbiza.

"Dada, ni kazi yangu."

"Chukua la Kukhu. Hili langu nalijua."

Niliwahi kuishuka ngazi ile na binadamu mzima mgongoni bila kutetereka. Nikaja kushindwa na sabuni. Kwenye kona ile ile, gurudumu la sanduku likanitangulia, nikalifuata, na kifundo cha mguu kikanifuata mimi kikiwa kimegeukia upande wake. Zipu ikapasuka. Sabuni zikashuka ngazi ya mabwana wakubwa moja moja, zikiruka, mpaka miguuni pa Wajerumani waliokuwa wakilipa hesabu yao.

Nilikaa pale pale kwenye kona. Mguu ulikuwa umeanza kuvimba kama maandazi. Watu walinitazama, na najua walichokiona: mwanamke mweusi katikati ya sabuni za hoteli. Nikaamua kwamba sitaona haya. Nilipewa zote. Nikaanza kuziokota zilizo karibu na kuzihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, mpaka Mjerumani mmoja akainama akaanza kunisaidia, na meneja, suti yake na yote, akapiga magoti kuokota zilizoingia chini ya kabati.

Ndipo tukakumbuka wote kwa pamoja. Tukainua macho. Kukhu alikuwa juu, mwanzo wa ngazi, amesimama nyuma ya kiti chake.

Hakuna wa kumbeba. Mgongo wangu ulikuwa mzima lakini mguu haukuwepo. Meneja alianza kusema kuhusu wazima moto, kwamba wanakuja haraka, wana machela.

"Machela?" Kukhu akasema kutoka kule juu. Hakupaza sauti, lakini marumaru ilimpazia. "Nitoke kwenye mlango huu nimelala?"

Mzee wa Barawa akaniinamia. "Dada, kuna ukingo wa kushika. Miye nitatangulia, kinyumenyume, namtazama. Wasemaje?"

Nilijua kila kitu ambacho ningeweza kusema. Nilijua mifupa ya umri ule. Nilijua kwamba akianguka hapa hakutakuwa na Dulles wala mlango. Lanham itamjia mpaka hospitalini. Na nilijua kwamba kama ningesema hapana, angekaa pale juu, mtiifu, akaanza kuwa yule mtu aliyeandikwa kwenye fomu.

"Kukhu," nikaita. "Mguu mzuri ubaki juu, ule mbaya utangulie. Shika ukingo, usishike mtu."

"Najua kushuka ngazi, Sajini. Nilikuwa nashuka kabla hujazaliwa."

Akashuka. Mkono mmoja kwenye ukingo wa marumaru, mwingine hewani kama anayempungia mtu, na Mzee wa Barawa mbele yake akirudi nyuma, mikono imefunguliwa bila kumgusa. Kila ngazi aliishukia kwa miguu yote miwili, akasimama, akapumua. Watu waliotaka kupanda, meneja aliwazuia kwa kunyoosha mkono tu. Hakuna aliyelalamika. Mara moja goti lilimcheza, Mzee wa Barawa akasema "Bismillahi," Kukhu akasema neno la Kitaliano ambalo bila shaka alilirithi kutoka birikani, kwa sababu uso wa meneja ulibadilika rangi. Aliponifikia pale kwenye kona alisimama.

"Umeanguka," aliniambia.

"Nimeona."

"Makalio yaliguswa na sakafu, au sakafu iliguswa na makalio?"

Nikamwambia aendelee na safari yake. Alipokanyaga sakafu ya ukumbi hakumtazama mtu. Alinyoosha gauni lake, akasema kiti kiletwe, akaketi kwa kishindo. Ile bakora ya mzeituni haikutoka mikononi mwangu tangu saa ile.

Safari ya kurudi sina la kusimulia ila kwamba yeye alisukumwa na mimi nikachechemea, uwanja baada ya uwanja. Ndani ya ndege Kukhu alikunja na kukunjua vidole vya miguu muda wote.

Dulles, baada ya forodha, tulikuwa na mama mmoja wa Kihabeshi wa kampuni ya kusukuma abiria, mpole, anayemwita kila mtu mpenzi. Mbele yetu kulikuwa na ukumbi mrefu, na mwisho wa ukumbi, milango ya kioo inayojifungua.

"Simama hapa, mpenzi," Kukhu akamwambia. Akainuka. Akashika vipini vya kiti. "Sajini, kaa."

"Ni kiti chako."

"Mwanangu alisema nishikilie chochote ninachotaka. Ninataka wewe."

Mama wa Kihabeshi akasema hairuhusiwi, abiria aliyeandikiwa kiti ndiye anayesukumwa. Nikamuuliza kama karatasi yake inasema viti vingapi. Kimoja. Je, kiti kimoja kimekaliwa? Kimekaliwa. Je, kinasukumwa? Kinasukumwa. Sasa tatizo liko wapi, dada? Akaitazama karatasi, akanitazama, akaikunja. "Kweli sina tatizo," alisema, akatembea pembeni yetu, mkono nyuma ya kiuno cha Kukhu bila kukigusa. Kumbe wako wengi duniani wanaojua kutokushika.

Niliketi mguu umenyooka, bakora mapajani, mkoba wa sabuni kifuani. Viganja vyangu nilivibana kwenye magurudumu, nikiyazuia yasikimbie, maana kiti kikimkimbia ameanguka. Nyuma ya kisogo changu nilisikia pumzi yake. Tulisimama. Tukaenda. Tukasimama. Watu walitupita na masanduku yao.

"Nusu bado," nikamwambia.

"Muongo," alisema, akasukuma.

Milango ikajifungua. Mwanawe alikuwa pale mbele kabisa, koti la baridi la mama yake mkononi. Alinitazama mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kitini. Akatazama juu. Akatazama viatu vya mama yake, vikisogea. Akainua macho, akayashusha tena kwenye viatu.

"Nani ameanguka?" alisema.

"Mimi," nikajibu. "Makubaliano yetu hayakunitaja."

"Mama. Mama, kaa, tafadhali."

"Kiti kina mtu," Kukhu akasema. "Gari umeliacha wapi? Na usiniambie ni mbali."

Lilikuwa mbali. Alilifikia akipumzika mara nyingi, mwanawe akitembea kando kama mtu anayefuata msafara usio wake. Karatasi alikuwa nazo mfuko wa ndani, kalamu imechomekwa juu yake. Akazitoa pale pale penye magari, akazichana katikati mara moja.

Nikamwambia arudie. Vipande vilikuwa bado vinasomeka.